Sentensi Niliyoiruka

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinifuata jikoni na daftari mkononi. "Shangazi, kurubuni watu ni nini hasa? Mwalimu anataka tueleze kwa kutumia riwaya." Nilianza kumweleza taratibu, kama ninavyopenda, mara nikaishia njiani. Kaa, rafiki yangu, nikusimulie.

Nilikuwa kidato cha tatu, mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha. Darasa zima tuligombania nakala chache za riwaya moja ya Kiingereza. Mtawala wa mji wa kubuni wa riwaya hiyo hakumpiga mtu. Aliwachagua vijana waliojua kusoma, akawasifu, akawatuma wawasomee wazazi wao matangazo yake ya hila. Wazazi waliamini, maana sauti ilikuwa ya mtoto wao.

"Wajinga hawa!" nilisema, darasa likacheka.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Msicheke. Tazameni anaanzaje. Anaanza na sifa."

Likizo nilirudi kwa bibi, kijijini Hirbadaw. Maziwa ya kibuyu chake yalinukia moshi, na asubuhi tulipeleka ng'ombe kwenye bonde lake la chumvi, wakalamba udongo mweupe huku kengele zikilia shingoni. Siku moja akaja jirani, ambaye tangu biashara iwe huria alikuwa dalali wa watu waliotafuta mashamba ya ngano. Alikuwa ameshika majani mabichi. Kwetu, mwenye majani mkononi amekuja kwa amani, hafukuzwi.

"Shikamoo mama. Wageni wangu wanaomba kulima bondeni misimu miwili tu." Akanipa karatasi. "Soma wewe, msomi wetu. Mimi naweza kudanganya, mjukuu hawezi."

Nikamsomea bibi kwa sauti. Katikati palikuwa na sentensi iliyosema bonde linatolewa kwa kudumu. Nikasita. Jirani akaniinamia, akaninong'oneza: "Hiyo ni lugha ya ofisi tu. Msomi kama wewe unaijua."

Niliona aibu kuonekana sijui. Nikairuka.

"Umesoma yote?" bibi akauliza.

"Yote, bibi."

Akaweka dole gumba. Jirani akamalizia maziwa yetu, akalamba povu kwenye masharubu. Mpaka leo nikiukumbuka ulimi ule natamani kutema mate.

Shule ilipofunguliwa niliandika insha kuhusu wale vijana wa riwayani: wanavyosifiwa, wanavyoona kitu hakiko sawa, wanavyonyamaza ili sifa zisipotee. Mwalimu akalisomea darasa zima. "Huyu ameelewa," akasema. Nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya choo.

Jumamosi nilitembea mpaka nyumbani. Waya wa uzio ulikuwa umeshavutwa, na ng'ombe wamesimama wamepanga vichwa wakilia upande wa huku. Nikamweleza bibi kila kitu. Nilitamani anichape.

"Karatasi mimi siijui," alisema. "Nilikusikiliza wewe."

Sasa bonde lote ni ngano. Hakuna kengele, na watoto wa pale hawajui kwamba udongo ule ulikuwa unalambwa. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akanipa maziwa, akanitania kama zamani. Lakini barua za mwanawe, mjomba wangu aliyeishi mbali, alizipeleka kwa katekista amsomee, hata siku ambazo mimi nilikuwa nimekaa pale pale nyumbani.