Mkunga Kwenye Njia ya Mtoro

Mke wangu ni mkunga, na mkunga huyu hasemi uongo kuhusu saa. Mtoto akizaliwa saa sita kasoro dakika tano usiku, ndivyo atakavyoandika, hata baba mtu apige magoti kuomba tarehe isogezwe ifanane na ya babu. Mimi ni fundi viatu. Kazi yangu ina uongo wake wa kawaida, "njoo kesho", na nadhani ndiyo maana Mungu alitukutanisha.

Baba yake alikuwa askari jela. Zamani, katika jela ya mjini kwetu ambayo sasa ni makumbusho, mfungwa aliyekuwa akisubiri kunyongwa alitoroka usiku, na zamu ilikuwa ya mzee. Ukutani pale pana kibao kinachosema mfungwa alitoroka "askari wa zamu akiwa amelala". Mzee alifukuzwa kazi. Mke wangu alipokuwa shuleni, wenzake walikuwa wakimkoromea akipita. Alipigana na wengi, na kwa habari nilizonazo alishinda karibu wote. Mzee mwenyewe akiulizwa habari za usiku ule huomba chai.

Mke wangu hakuwahi kuamini. Alisema baba yake huamka hata paka akipiga chafya, sasa mtu mzima avunje kufuli asisikie? Mwaka huu mzee alipoanza kudhoofika, mke wangu akaapa kwamba baba yake hatazikwa na jina la mlalaji.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mtoro alionekana akidandia treni ya mizigo jioni ya siku ya tatu, na kila mtu anajua alipita kwenye korongo, porini, kwa miguu. Kama mwendo huo unazidi siku tatu, basi aliondoka mapema, kwenye zamu ya mtu mwingine. Njia ya kujua ni kuutembea. Akamwarifu msimamizi wa makumbusho kwamba atamletea majibu, akaomba likizo, akanishonesha jozi mbili za viatu vya porini, yangu na yake. Mimi sikuulizwa kama nakwenda.

Tulianzia kwenye lango la jela kabla ya jua kutoka. Saa chache baadaye tukafika mahali ambapo korongo linafungwa na jiwe refu, laini kama kipara. Pande zote ni magenge, pa kushika hakuna. Nikachuchumaa, mke wangu akapanda mabegani kwangu, nikainuka huku viatu nilivyovishona kwa mkono wangu vikinichuna shingo. Akashika mzizi, akajivuta juu, akafunga kamba, nami nikapandishwa kama gunia la mkaa.

Nilipopata pumzi nikamuuliza mke wangu: yule mtoro, akiwa peke yake na hana kamba, alipandaje.

"Alikuwa mrefu," akasema.

Picha yake iko makumbusho. Anawafikia askari kifuani. Nikanyamaza, maana safari ilikuwa ndefu na chakula alikibeba yeye.

Kesho yake mvua ilitunyeshea, na siafu wakaja kututembelea chini ya turubai bila hodi. Lakini kilichonitesa zaidi ni mwendo wa mke wangu. Mtu aliyezunguka wodi maisha yake yote hajui kutembea polepole. Nilimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, na safari hii hasa, maana kila tukiwahi tunamponza baba yake. Akanijibu kwamba mtoro alikimbia na njaa na miguu mitupu, na yeye mwenye viatu akijikokota atakuwa amempunja.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, tukaiona reli.

Nikamwambia tukae kwenye benchi la kituo mpaka kesho, halafu tuseme tumefika kesho. Alivua viatu, akaviweka sawasawa kando yake, akalia. Nina mzaha mwingi lakini pale sikuwa nao. Niliumia.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja chumbani kwa baba yake, hata kabla ya kuoga. Akamwambia njia haimalizi siku tatu, kwa hiyo mtoro aliondoka kwenye zamu yake, na kwamba alitaka kumsafisha jina, ameshindwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai.

"Na lile jiwe mlipandaje?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ametaja jiwe. Mke wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mume wangu alinipa mabega."

"Naam. Bila mabega hupandi." Akashika bega lake la kushoto. "Hili halijapona mpaka leo. Halafu nikarudi mbio, nikajilaza mlangoni waje wanikute."

Mke wangu akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Mzee akaeleza kwamba askari aliyelala hufukuzwa, lakini askari aliyesaidia huingizwa kwenye chumba kile kile cha kusubiri kitanzi kilichobaki wazi. Mke wangu akauliza basi yeye aliwapiga watoto wa watu kwa ajili gani. Mzee akasema hakumtuma.

"Kesho nakwenda makumbusho," mke wangu akasema. "Kile kibao watakiondoa."

"Mwanangu, mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia nimelala. Usinifanye mwongo uzeeni."

Wiki nzima alimhudumia baba yake bila kumsemesha. Alimwogesha, akamlisha, akamkanda lile bega, kimya. Alikuwa na hasira naye na alikuwa anamwonea fahari, na vyote viwili vilimjaa.

Kisha tukaenda makumbusho. Msimamizi alikuwa akitungoja chini ya kibao, akauliza tumegundua nini. Mke wangu alisema njia inapitika na mtu mmoja.

"Na askari wa zamu?"

"Alilala fofofo," akasema, bila kupepesa.

Msimamizi akampa pole. Mke wangu akaipokea.