Boga la Kukhu na Milango ya Kongo

Enzi zetu pale Kianda, Kibera, mlango ulikuwa pazia. Wewe wa rika langu huhitaji kuelezwa. Mlango wa mabati ulikuwepo, ndiyo, lakini ulifungwa wakati wa kulala na siku za kwenda ushago, kijijini kwetu. Mchana kutwa kilichoning'inia pale ni kitambaa cha maua yaliyopauka, na mtoto alikipita mbio bila hata kusema hodi. Ulikula pale njaa ilipokukuta. Mamangu angesimama nje akipaza sauti, "Wewe Nekesa! Rudi hapa, watu watadhani sikulishi!" nami nimeshalamba sahani ya omena, vile visamaki vya ziwani, kwa jirani mmoja na ninangoja chapati iive kwa jirani wa pili.

Jina Nekesa hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, basi labda ndiyo sababu miezi ya mwisho wa mwaka ilinipendeza kuliko mingine. Vumbi lilikuwa limetuchosha, pua zimekauka, halafu siku moja mawingu yanakusanyika na mvua za vuli zinaangukia mabati kwa fujo hadi mwalimu ananyamaza darasani. Jioni yake, kumbikumbi! Walijaa chini ya ile taa kubwa tuliyoiita mulika mwizi, nasi tukatoka na mabeseni ya maji, mabawa yametunasa nyweleni na shingoni, tunacheka kama wendawazimu. Mama aliwakaanga kwa chumvi kidogo tu. Ploti nzima, nyumba zote za ua wetu, ilikuja, kila mtu na kipande chake cha ugali mkononi, na hakuna aliyekuwa amealikwa.

Mizimu pia tulikuwa nayo, tena ya kwetu wenyewe. Tulichoka michezo ya bano, tukachoka ya kati na brikicho, basi tukajipaka unga wa ugali usoni na kujibanza nyuma ya choo cha ploti, tukimngoja yeyote anayepita na ndoo ya maji. Aliyepita ni mamangu. Ndoo ilimwagika, akapiga yowe, halafu akatazama vizuri nyuso zetu. "Unga! Yaani mnachezea unga!" Kututisha kwetu hakukumuudhi hata kidogo, unga ndio uliomkata maini. Alinikimbiza na kandambili mkononi mpaka nikaona nitalala Mashimoni, kijiji kingine cha Kibera.

Lakini kazi yangu rasmi ilikuwa sahani. Mama akipika kitu kizuri, angepakua, akafunika kwa sahani nyingine, akaniambia, "Pelekea Mama Fulani, na usichungulie." Nilichungulia kila mara. Sahani hiyo ingerudi baada ya siku mbili tatu, na haikurudi tupu hata siku moja. Ingekuwa na mandazi, au viazi vitamu, au vitunguu viwili tu mwezi ukiwa mbaya. Mama alisema kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia usiniletee tena. Basi sahani zilizunguka Kianda hivyo mwaka mzima, na mpaka leo sijui zetu za asili ziliishia nyumba gani.

Sasa nitazame mimi leo. Ninaishi Kawangware, upande unaoitwa Kongo, katika fleti ya ghorofa nne. Maji yanatoka mferejini, choo kiko ndani, na mlango wangu ni wa chuma wenye makomeo mawili na kufuli. Mlango wa jirani ni vivyo hivyo. Nimekaa pale miaka, na jirani wa kushoto nilimjua kwa viatu vyake vilivyoanikwa tu. Binti yangu Zawadi, wa miaka sita, alikuwa hajawahi kula chakula cha mtu mwingine pale, hata njugu moja. Ukimwambia habari za kumbikumbi anaziba mdomo na kusema, "Eeew, mum!" Ndio watoto wetu hao, wanaogopa mdudu lakini simu wanaifungua hata ukibadilisha namba ya siri.

Ni katika simu hiyo alikoiona Halloween. Watoto wa ng'ambo, majani mekundu yanaanguka, maboga yamechongwa macho na meno, na wao wamevaa vituko wanabisha mlango kwa mlango wakijaziwa peremende. Alinijia macho yamemtoka. "Mum, hata sisi tuna milango mingi! Nataka kubisha yote."

Majani ningempatia, jakaranda za barabara ya Ngong zilikuwa zimemwaga maua ya zambarau kila mahali, na tulijaza mfuko. Shuka jeupe kuukuu nililitoboa macho. Boga nilinunua sokoni, kubwa, la kukumbatiwa kwa mikono miwili. Lakini milango je? Niliogopa, na nasema wazi, niliogopa sana. Mtoto wa miaka sita abishe milango yote ya jengo analoishi na asifunguliwe hata mmoja? Angejifunza kitu siku hiyo ambacho nisingeweza kumfundisha kukisahau.

Jumamosi yenyewe ya Halloween nilikuwa kazini hadi mchana. Mamangu, ambaye Zawadi humwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, alikuja kutoka Kianda kukaa naye. Alikuwa ametoka maombini, bado yuko ndani ya kanzu yake nyeupe ya kanisa na kilemba cheupe. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu tamu ya mvuke, na Zawadi amekaa sakafuni ndani ya shuka lake analia kwikwi.

"Kukhu amepika kichwa ya Halloween!"

Kwenye jiko, sufuria kubwa imejaa vipande vya boga, vya manjano, vimeiva vinapasuka. Nilishika kiuno. "Mama, hilo boga lilikuwa la kuchongwa macho."

"Macho?" Alinitazama kama niliyepandwa na homa. "Malenge nzuri hivi itobolewe macho? Kisha?"

"Kisha iwekwe mlangoni."

"Ioze?"

Nilijaribu kumweleza mambo ya kubisha na kuomba peremende, na hapo ndipo alipokasirika kabisa.

"Yaani mjukuu wangu atoke hapa aende kuomba kwa watu, mikono mitupu? Nekesa, mimi nilikulea hivyo?" Akaanza kutoa sahani zangu kabatini, zile nzuri za wageni, akipakua na kufunika. "Zawadi, futa kamasi. Tunaenda kubisha."

Basi tukatoka, msafara wa ajabu. Mzimu mdogo mbele, Kukhu katika kanzu nyeupe nyuma yake, na mimi na sinia la sahani kama mhudumu wa harusi.

Mlango wa kwanza, ule wa viatu, Zawadi alibisha. Akabisha tena. Hakuna aliyefungua. Alibisha mpaka akaanza kupuliza vidole, kisha akaniangalia kupitia matundu ya shuka, na macho yale, jamani, nilitaka kumbeba nirudi naye ndani. Kukhu aliinama, akaweka sahani iliyofunikwa kizingitini. "Watakula wakirudi," akasema, akasonga mbele.

Mlango wa pili mtu alituchungulia kwenye kitundu. Akaona watu wawili waliovaa nyeupe. Sauti ikatoka ndani kwa haraka, "Sisi tumeshaokoka, asanteni! Mungu awabariki!"

"Hatuhubiri!" Kukhu akajibu. "Tumeleta malenge!"

Kisha komeo moja, komeo la pili, kufuli, na mama mmoja mnene akatoa kichwa. "Malenge? Woi! Ya kuchemsha?" Alikuwa Mama Mwende, mtu wa Kitui, na alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama palepale mlangoni, akisema tangu atoke kwao hajaonja kitu hicho. Ghorofa ya juu kijana mmoja alifungua akiwa na vidude vya muziki masikioni, akamsalimia mtoto kwa Sheng. "Niaje, katoi? We ni mzimu ama ni malaika?" Zawadi akasema ni mzimu. "Poa. Na hii dishi ni ya nani?" Alipoambiwa ni yake, alivua vidude masikioni na kusema asante mara mbili.

Tulizunguka mpaka sinia likaisha. Na peremende? Hatukupata hata moja. Nani ana peremende nyumbani, watu walishtukizwa tu. Zawadi alivua shuka. "Kukhu, sisi ndio tumepeana kila kitu."

"Ngoja," Kukhu akamwambia, akavaa viatu akarudi Kianda. Mimi nilibaki nikihesabu kabati lisilo na sahani.

Jumapili jioni mlango wetu ulibishwa. Mama Mwende, na sahani yetu ina muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa, bado wa moto. Zawadi alipiga kelele, "Halloween!" Jumatatu kijana wa juu alileta chapati alizokunja mwenyewe, ngumu kidogo, lakini mtoto alizisifu mbele yake kama mkwe mwenye adabu. Wiki nzima hodi, hodi, na kila hodi Zawadi anatafuta shuka lake kwanza ndipo nifungue. Alikula muthokoi. Alikula hata omena, yeye wa eeew.

Sahani ya mlango wa viatu haikurudi. Zawadi alikuwa akiupita mlango huo kila asubuhi akienda shule na kuangalia kizingiti. Nilimwambia watu wengine wako hivyo, mama, tuwaache. Hakutaka kusikia.

Sisi wa Kianda hatukuhitaji shuka, wala siku maalum, wala ujasiri wa kuinua mkono na kugonga chuma. Hilo huniuma nikilifikiria. Tulikuwa na pazia tu, na tulidhani dunia yote ina pazia.

Ijumaa alasiri ilibishwa hodi ndogo, ya mtu asiye na uhakika. Msichana wa mlango wa viatu, muuguzi, macho mekundu ya kukesha kazini. Siku ile alikuwa amelala fofofo. Aliomba msamaha kwamba sahani yetu ilimponyoka ikavunjika alipokuwa akiiosha, na aliona haya kuja. Akatuletea bakuli lake mwenyewe, la samawati, limejaa njugu za kukaanga.

Zawadi alilipokea kwa mikono miwili. Alisubiri hadi jirani akaondoka, akamimina njugu kwenye sufuria, akaligeuza bakuli huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye kazi nzito.

"Mum, hii ni yao. Tutarudisha na nini?"