Siku Tuliyofundishwa Umaskini

Kila nikisikia harufu ya sabuni ya mche, naikumbuka Chang'ombe, enzi zile mama akiondoka alfajiri kwenda kuwafulia watu nguo. Siku moja mwalimu alituuliza umaskini unasababishwa na nini.

"Uvivu!" walijibu wenzangu, naye akaandika ubaoni.

"Na maskini anaishije?"

Wakataja kulala chini, kushindia uji, kuvaa viatu vilivyotoboka. Nikavuta miguu yangu chini ya dawati. Hakuna aliyenitazama, lakini nilijiona kama nimesimamishwa mbele ya darasa zima.

Jioni mama alirudi, akaketi kizingitini akijikanda mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmefundishwa nini?"

"Hesabu tu, mama," nikamjibu, naye akafurahi.