Kiti cha Karibu na Mlango

Fundi wa nguo za harusi anashona vizuri, anaongea kidogo, na ukimkumbatia anakakamaa kama ubao wa pasi. Mtaani hilo halikuwahi kuitwa maradhi. Walimwita Bubu, ingawa anasema, wakaendelea kumletea vitambaa. Maradhi yaligunduliwa na shangazi yake, mara tu mdogo wake fundi alipopata mchumba.

"Atafutiwe dawa kabla ya harusi," shangazi aliagiza. "Asije akaziba masikio mbele ya wakwe."

Fundi mwenyewe alitaka jambo moja tu: awepo ukumbini mdogo wake akiolewa. Magauni yake yalikuwa yamehudhuria harusi nyingi. Yeye kelele zilimshinda mlangoni.

Mshauri wa kwanza alimfundisha kumtazama mtu machoni. Fundi ni mtu wa kufuata vipimo. Aliwafanyia wateja mazoezi hayo bila kupepesa, hadi mama mmoja akaacha kitambaa mezani, akaenda kuwauliza majirani amemkosea nini fundi.

Mshauri wa pili alikuwa dada mwenye ofisi ndogo na feni yenye manung'uniko. Alimwona fundi akiitazama feni kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Akaizima. Kisha akasogeza kiti chake, wakakaa ubavu kwa ubavu, wakitazama dirisha.

"Umekuja kutibiwa nini, dada?"

"Shangazi ndiye anayejua."

"Basi tungemtibu yeye. Wewe unataka nini?"

Fundi akatoa uzi mfukoni, akawa anauzungusha kidoleni, akasema mengi kuliko alivyowahi kusema na mgeni: spika, marashi, mikono ya watu. Dawa hawakuitafuta. Walitafuta kiti cha karibu na mlango na vizibo vya masikio, wakakubaliana kwamba kutoka nje kupumua si kushindwa.

"Na wakitaka kunikumbatia?"

"Sema hutaki."

"Kumbe inaruhusiwa!"

Siku ilipofika, fundi alikaa kwenye kiti chake, akaiona ndoa ikifungwa mwanzo hadi mwisho. Spika zilipofunguliwa, alitoka akaketi ngazini. Haukupita muda, bibi harusi naye akatoka, viatu mkononi, akakaa ubavuni mwake. Wakawa wanatazama magari yaliyoegeshwa.

Shangazi akachungulia. "Amezidiwa?"

"Tunapumzika, shangazi," bibi harusi akajibu.

Shangazi aliutazama ukumbi, akavitazama visigino vyake virefu, akauliza kama pana nafasi.

"Ipo," fundi akasema. "Ila usinikumbatie."