Mkeka wa Lois Usiofungwa Upindo

Lois alizaliwa kijiji cha Ngao, kando ya mto, akasoma hadi darasa la nne, kisha nyanya yake akamketisha chini na kumpa ukindu, majani ya kusukia mikeka. Kijijini tunamwita Mama Komora, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Maji ya mwaka wa tisini na saba yalipopanda yalichukua migomba yake, jiko lake na mikeka kumi na minane iliyokuwa tayari. Sindano ya kushonea ilibaki kwa sababu alikuwa ameichomeka kwenye kilemba. Kwa sindano hiyo alianza upya, na ndiye aliyetukusanya wanawake ishirini na wawili tukawa kikundi, yeye akiwa mwenyekiti. Mimi nilipewa kazi ya kuandika.

Januari 1999 Lois alitushawishi tuache kumwuzia mikeka yetu dalali wa Garsen. Kijana mmoja wa Malindi, Kenga, alikuwa na kompyuta na laini ya simu, na alikuwa amefungua duka la mtandaoni. Tulimpelekea mikeka kumi na mmoja kwa basi lililokwenda kwa msafara wenye ulinzi wa polisi. Aliipiga picha akaiweka dukani humo. Tukangoja. Februari, Machi, Aprili, Mei: hakuna aliyeuliza hata bei.

Katika kikao cha Juni, mwenzetu Alice alisimama. Alice ana mdomo, lakini husema wanayowaza wengine.

"Mama Komora, hilo duka lako liko mbinguni? Maana sisi hatulioni, na wanunuzi nao hawalioni."

Watu walicheka. Lois hakucheka. Iliamuliwa kwamba pasipouzwa kitu kufikia Krismasi, mikeka irudishwe, twende tukampigie dalali magoti, na uenyekiti apewe Alice. Niliandika hivyo, na Lois akatia sahihi.

Alhamisi ya wiki hiyo tulikwenda Garsen, tukampigia Kenga kutoka kibanda cha simu cha posta. Lois alishika mkonga wa simu, mimi nikasogeza sikio.

"Mama, shida si mikeka," Kenga alisema. "Watu wa huko nje wakitaka kitu huuliza mtambo wa kutafutia. Na ule mtambo hauna macho. Unasoma maandishi tu. Picha zetu kwake ni ukuta mtupu."

"Basi andika kwamba tunauza mikeka."

"Nimeandika. Lakini mtu haamki akauliza, 'Lois wa Ngao anauza nini?' Anauliza ukindu unachanwaje, mkeka unasafishwaje, mdudu anazuiwaje. Wewe ukimjibu, mtambo utamleta kwako. Akishafika, ataona duka. Nipe mafunzo, mama. Yote unayoyajua."

Alice aliposikia, alipiga makofi mara moja. "Haya! Umfundishe mzungu kusuka, halafu anunue kwako ya nini?"

"Wewe nilikufundisha mwaka gani?" Lois alimwuliza. "Na mpaka leo waniletea mikeka nikufungie upindo wa ukingoni."

Kwa siku sita alisema, nikaandika. Haikuwa rahisi, maana Lois hufundisha kwa vidole. Nikimwuliza ukindu huchemshwa kwa muda gani, anajibu, "Mpaka unuke vizuri." Ilinibidi nikae naye jikoni na saa ya mkononi. Tulipata kurasa nne: kukata na kuanika, kupaka rangi, kusuka ukili, ule utepe mrefu, na kuushona uwe mkeka, kutunza mkeka. Kenga alikuwa ameomba aina zote za mikeka, kwa hiyo Lois akaongeza ukurasa wa tano. Nilisita, kisha nikauandika.

Ulihusu mkeka wa mwisho. Kwa akina nyanya yake, mtu mzima hupimwa angali hai, kwa kamba ya ukindu, kutoka utosini hadi kisiginoni. Mkeka wake husukwa kwa kipimo hicho na kuwekwa darini. Upande mmoja hauna upindo. Ncha za ukili huachwa wazi. Siku mwenyewe akifa, ndipo upindo hushonwa, na juu yake hulazwa. Ukifungwa mapema ni kama kumharakisha.

Kenga alitafsiri yote kwa Kiingereza akayaweka dukani mwezi wa Julai.

Septemba alituma neno kwa kondakta wa basi tukampigie simu haraka. Kulikuwa na oda.

"Mkeka gani?" Lois aliuliza. "Ule mwekundu?"

Kenga alijibu: "Wa ukurasa wa tano, mama. Ule wa mwisho."

Mkonga ulimponyoka ukabaki ukining'inia kwa waya wake. Niliushika mimi. Kenga alikuwa akiendelea kusema: kurasa nne za kwanza zilikuwa zikipata wageni wachache, kwa sababu mafunzo kama yale wengine walishayaandika. Lakini mtu akiuliza habari ya mkeka wa kumlaza marehemu, mtambo ulimleta kwetu moja kwa moja. Duniani kote hakuna mwingine aliyekuwa ameandika.

Kikaoni pakawa na kelele. Alice alikuwa ameshika kifua.

"Umeitoa mila hiyo nje? Mbele ya watu tusiowajua? Huyo mtu ni mzima wa akili kweli, anayenunua kifo kama sabuni?"

"Ni oda," mmoja akasema kwa sauti ndogo. "Ya kwanza."

Lois alisema atausuka, ila hasuki bila kipimo. Kenga amwandikie huyo mtu alete kamba.

Kamba ilifika Oktoba, kwa posta, ndani ya bahasha yenye stempu za mbali. Tuliifungua kikaoni. Ilikuwa uzi wa pamba, mweupe, umekunjwa vizuri ndani ya karatasi isiyo na neno. Lois alishika ncha moja, Alice akashika nyingine, wakaanza kurudi nyuma waunyooshe.

Hawakurudi mbali. Hatua moja tu, uzi ukakaza.

Walisimama hivyo wakitazamana. Lois aliupima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole: mikono miwili na shibiri.

"Umekatika njiani," Alice alisema. Lois aliinua ncha za uzi. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa fundo.

Nimeandika vikao vingi, na kwa hicho nilichoandika ni tarehe tu. Wengine walifunika nyuso kwa leso. Lois aliukunja uzi akautia kifuani, akaenda zake.

Kwa wiki tatu alisuka mlango ukiwa umefungwa. Novemba alituonyesha mkeka. Ulikuwa mweupe, hauna rangi hata moja, upande mmoja wazi. Alice aliupima kwa macho, kisha kwa mkono, akashtuka upya.

"Mikono minne! Mama Komora, huu ni wa mtu mzima."

"Ndiyo."

"Mteja ametoa kipimo! Oda moja tumepata mwaka mzima, nawe waiharibu? Ataurudisha!"

"Na aurudishe."

"Duka litafungwa."

"Na lifungwe. Uenyekiti uchukue." Alianza kuukunja mkeka. "Nyanya yangu hakunifundisha kumpima mtoto. Mtoto hukua, Alice. Mkeka haukui. Sitausuka ule mfupi."

Kenga naye kwenye simu alimsihi ausuke upya kwa kipimo. Lois alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba mkeka uko ndani ya basi.

Tarehe kumi na saba Desemba, wiki moja hivi kabla ya Krismasi tuliyojiwekea, kondakta wa basi aliniletea karatasi kutoka kwa Kenga. Lilikuwa jibu la mteja, na chini yake tafsiri. Niliwasomea kikaoni, na kwa kuwa Lois aliomba, nilirudia: "Umefika. Ni mrefu. Asante kwa kuwa mrefu."

Hapakuwa na neno jingine. Hatukujua ni binti au mwana, wala hatujajua hadi leo. Alice alikuwa wa kwanza kulia, kwa sauti. Kisha akaniambia niufute ule uamuzi wa Juni. Sifuti daftarini, nilipiga mstari juu yake, na sote ishirini na wawili tukatia sahihi pembeni.

Alhamisi iliyofuata Lois alimwambia Kenga aongeze maneno kwenye ukurasa wa tano, chini kabisa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kenga aliuliza aandike nini. Lois alikuwa ameyafikiria njiani, hakusita.

"Andika: Kwa mtoto hatupimi."