Tone la Mafuta kwenye Mizani ya Mzee Wasswa

Nataka kumwandika Mzee Wasswa akiwa bado hai, ili asome mwenyewe na anisahihishe palipo na kosa. Shule niliishia darasa la sita, kambini Kigoma, baada ya kukimbia Burundi na wazazi wangu. Nitaandika kama ninavyojua.

Anakaa hapa Jakobsberg, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wetu. Ni Mganda. Alikuja Sweden kijana, miaka ya sabini, akiwa mkimbizi wa kisiasa, na mpaka anastaafu kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege wa Arlanda, kukagua vile vipimo vinavyomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani na mafuta yamebaki kiasi gani. Kiswahili chake ni kile cha makambi ya askari wa kwao. Kimechakaa, na penye tundu anapachika Kiswidi. Tulipohamia hapa, mimi na binti yangu Mélissa, yeye ndiye aliyetusomea barua za ofisi. Alizisoma mara mbili, polepole, kisha akaandika jibu, mimi nikatia sahihi. Hakuwahi kunifanya nijione mjinga.

Mélissa sasa ana miaka ishirini na miwili. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kuwinda, akamkalisha na vitabu mpaka akafaulu mtihani wa serikali wa wawindaji. Mimi sikupenda. Nilikotoka, mlio wa bunduki haukuwa mchezo wa Jumapili. Lakini binti yangu alikuwa anarudi kutoka msituni mashavu mekundu, anakula, analala, na kabla ya hapo alikuwa na mwaka mzima wa kutolala. Kwa hiyo nilinyamaza, nikawa naangalia tu.

Mzee hanunui risasi dukani. Ana kibali cha kuzijaza mwenyewe. Katika chumba chake kidogo kuna meza, na juu ya meza mizani ya mkono mmoja mrefu wa chuma, wenye sahani ya shaba upande mmoja na ncha inayoonyesha mistari upande wa pili. Anapima baruti kwenye sahani, anaimimina ndani ya ganda, anafunga kichwa cha risasi juu yake. Baruti ikipungua, risasi haifiki vizuri na mnyama anaumia bure. Ikizidi sana, chuma cha bunduki kinaweza kupasuka karibu na uso wa anayepiga. Hilo alinieleza mwenyewe, siku ya kwanza, kwa sababu nilimuuliza. Tangu siku hiyo nikawa siondoi macho kwenye mizani ile.

Septemba alilazwa siku tisa kwa nimonia. Aliniachia ufunguo. Siku ya pili akanipigia simu, sauti imekwama kifuani.

"Mama Mélissa, futa vumbi kila mahali. Kwa meza, kwa mizani, kila mahali. Lakini eggen usiguse. Eggen wacha kabisa."

Äggen kwa Kiswidi ni mayai. Kesho yake nikafungua friji, nikakuta mayai manane. Nikasema moyoni, wazee wana mambo yao, nikafunga. Nikafuta vumbi. Kwenye mizani nikaona mkono wake umekalia kipande chembamba cha chuma, kikavu kabisa. Mimi nimeshona kwa cherehani miaka kumi na minane, najua chuma kikavu kinavyolalamika. Nikavuka kwangu, nikaleta kichupa changu cha mafuta, nikatia tone huku na tone huku. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nilikuwa nimepata namna ya kumrudishia fadhila.

Alirudi amekonda, mikono inamtetemeka kidogo. Oktoba ikafika. Jumatatu ya pili ya mwezi ule ndiyo wanaanza kuwinda älg, mnyama wa misitu ya huku, mkubwa kuliko ng'ombe dume. Jumamosi kabla ya hapo niliwapelekea maharage. Nikawakuta chumbani, Mzee na Mélissa, wameinama juu ya mizani. Pembeni kulikuwa na sanduku lenye risasi ishirini alizozijaza wiki ile. Mélissa ndiye angezitumia, kwa bunduki ya Mzee.

"Soma," Mzee alisema.

"Katikati," Mélissa akajibu.

Mzee akainua sahani, akairudisha. Baruti ile ile, hakuna aliyeigusa.

"Soma tena."

"Mistari miwili juu."

Akainua, akarudisha.

"Mmoja chini. Babu, mizani yako imelewa."

"Iko nadanganya mimi," Mzee alisema, lakini hakucheka.

Akafunga dirisha, kwa sababu upepo mdogo unatosha kusukuma sahani. Akaziba tundu la hewa kwa taulo. Akamwambia Mélissa aondoe simu mezani, isije ikaisumbua mizani. Akaweka kipimo cha mafundi, chenye kiputo cha hewa ndani ya maji, kuona kama meza imelala sawa; imelala sawa. Mwisho akatoa kwenye kiboksi jiwe dogo la shaba, ambalo uzito wake umeandikwa juu yake na haubadiliki. Akaliweka mara tatu. Mara tatu likasema uzito tofauti.

"Jiwe halijanenepa tangu mwaka jana," Mélissa alisema.

Mzee akarudi nyuma kwenye kiti. Akaangalia mikono yake, akaigeuza juu chini.

"Basi ni mimi. Mkono hii nashika sahani vibaya. Miaka arobaini nimepima vitu ya watu, sasa imekwisha."

"Sluta nu," Mélissa akamwambia, yaani acha hayo. "Na hizi ishirini? Ulizipima kabla haijaanza kucheza, au baada?"

Nilimwona Mzee anataka kusema kabla, na nilimwona hawezi.

"Sijui," alisema. "Mimi hapana jua."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria yangu. Risasi zile zingekaa sentimita chache kutoka shavu la mwanangu.

Mzee akawasha taa ya meza, akauinua mkono wa mizani, akanyooshea kidole kile kipande chembamba.

"Imebaki hapa tu. Lakini hapa hapana mtu amegusa. Nilikataza. Eggen lazima ikae kavu."

"Nini?" nikauliza.

"Eggen, mama. Hii. Makali ya kisu. Mizani yote nasimama juu ya hii."

Nikaweka sufuria sakafuni. Nilifikiri haraka, kama mtu mwoga anavyofikiri. Nikinyamaza, labda atazitupa zile risasi mwenyewe. Labda hatazitupa. Nikisema, atanidai ufunguo wake, na Mélissa ataniona mimi ndiye niliyeharibu kitu pekee kilichomrudishia usingizi. Lakini Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

"Mzee," nikasema, "mimi niliitia mafuta."

Wote wawili wakageuka. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mtu wa kazini.

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

"Matone ngapi?"

"Mawili. Moja kila upande."

"Siku gani?"

"Siku ya tatu tangu ulazwe."

Akafumba macho, akahesabu siku, akafumbua. "Basi zote ishirini ni baada. Sasa najua." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeumia kidogo: "Lakini kwa nini, mama? Nilikuambia eggen usiguse."

"Sikuyagusa! Yalikuwa manane, nikayaacha manane, mpaka tarehe yake ikapita!"

Mélissa akamwangalia Mzee, Mzee akamwangalia Mélissa.

"Mamma," Mélissa akasema. "Egg. Inte ägg."

Yaani makali, si yai, lakini masikioni mwangu alikuwa amesema neno moja mara mbili. Nikamwambia hivyo. Hapo ndipo Mzee alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika meza, Mélissa akamletea maji.

"Mayai!" alisema akipumua. "Mimi narudi hospitali, nafungua friji, nakuta mayai imeoza. Nikasema, huyu mama amefagia mpaka chini ya kitanda, hii mayai yangu imemkosea nini?"

Nilicheka na machozi yakanitoka, sijui yalikuwa ya nini. Akanivutia kiti. "Kaa. Hii Kiswahili yangu ndiyo mbaya. Kama ningesema kisu, ungeelewa."

Hivyo ndivyo alivyo. Kosa langu alilibeba nusu, bila kuombwa.

Akachovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, akasugua yale makali na vijiwe yanavyokalia. Pamba ilitoka nyeusi. Mafuta yangu yalikuwa yamekusanya vumbi mpaka limekuwa kama gundi, na mkono ukawa unanata hapa leo, pale kesho. Akasugua na kijiti kingine, na kingine, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Tukangoja ikauke. Akaweka jiwe la shaba.

"Katikati," Mélissa akasoma. Mara ya pili, katikati. Mara ya tano, katikati. Mzee akaangalia tena mikono yake, safari hii akaipangusa tu kwenye suruali.

Kisha akachukua sanduku. Nilidhani atalitupa. Alizifungua zote ishirini, moja moja, kwa nyundo yake ya plastiki inayotikisa kichwa cha risasi mpaka kitoke, na kila baruti akaipima kwenye mizani iliyosafishwa. Alitaka kujua. Nyingi zilikuwa sawa. Sita zilikuwa pungufu. Tatu zilizidi. Ya tatu kati ya hizo, mkono ulipopanda, Mélissa alifungua mdomo asome, na Mzee akainua sahani kabla hajasoma. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona mkono umepita mstari wa juu kabisa.

Baruti ile hakuirudisha kwenye kopo. Alikwenda kuimwaga, akafungua kopo jipya, akaniita karibu na taa.

"Wewe macho yako hapana lala. Soma kwangu."

Nikasoma. Yeye alimimina, mimi nikasema juu, chini, katikati, na katikati tu ndiyo iliyoingia kwenye ganda. Tulijaza kumi. Mwanzoni nilisoma kila moja mara mbili. Ilipofika ya saba nilisoma mara moja tu.

Jumapili tulikwenda uwanja wa shabaha, wote watatu, kwa gari lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Mélissa akatandika mkeka, akanyoosha mkono achukue bunduki.

"Ya kwanza yangu," Mzee alisema.

"Lakini leo ni zamu yangu, Babu."

"Ya kwanza yangu. Rudi kwa mama yako. Rudini nyuma zaidi."

Tukarudi. Akalala chini taratibu, goti moja, jingine, mzee wa miaka sabini na mitatu aliyetoka nimonia, akaegemeza shavu lake kwenye bunduki. Nikamshika Mélissa mkono. Mlio ukapita kifuani mwangu. Mzee hakuinuka. Akafungua bunduki, akatoa ganda, akaligeuza kwenye mwanga na kulikagua kitako chake muda mrefu. Akapiga ya pili. Akalikagua na hilo pia.

Ndipo akainuka, akaja mpaka tuliposimama. Hakumtazama Mélissa. Alinionyesha mimi yale maganda mawili kwenye kiganja, bado yana joto, safi, hayana ufa wala uvimbe.

"Mama," alisema, "unakubali apige?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikayashika maganda, nikayaangalia kama alivyoyaangalia yeye.

"Nakubali," nikasema, na Mélissa akaenda akalala kwenye mkeka.