Kiingereza cha Mama Pasi

Mama Pasi alijua kusema kwa Kiingereza kwamba mlima wa volkano umelipuka kabla hajajua kusema njoo nikupakate. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele sikuahidi kicheko.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Meza yake ilikaa barazani, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na hapo aliunyoosha mtaa mzima: mashati ya makarani, sare za manesi, suti za mabwana harusi. Umeme ukiwepo alitumia pasi ya umeme. Ukikatika aliwasha ya mkaa, akaipepea, akaijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu isije ikamchafulia mtu kola. Kwa kazi hiyo, yeye na marehemu mumewe, dereva wa lori, walijenga nyumba ya vyumba vitatu: kimoja kwanza, cha pili miaka mingi baadaye, cha tatu mume akiwa tayari anaumwa. Kiwanja walikiandikisha kwa jina la mtoto wao wa pekee, kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma vizuri mle ndani, na mzazi gani humwogopa mwanawe?

Mimi ni jirani yake, fundi cherehani. Mimi nashona, yeye ananyoosha, na wateja wetu walikuwa wale wale. Tulikuwa mashoga wa kuombana chumvi na kugombana tukaombana tena. Nasema haya mapema ili ujue kwamba nikimtaja mwanawe sitakuwa na simile.

Huyo mwana mtaa ulimwita Msomi. Alikwenda kusoma ng'ambo, akabaki huko, akaoa huko, akapata binti. Kuoa kwake sina neno nako. Neno langu ni kwamba binti alifika miaka sita hajui hata kuamkia kwa lugha ya bibi yake. Mkwe naye Kiswahili hakijui, na yeye simlaumu, kwa kuwa mwenye kumfundisha alikuwa amelala naye kitanda kimoja akanyamaza. Siku ya simu Mama Pasi alioga, akavaa nguo ya kutokea, akakaa wima mbele ya kile kioo kidogo cha simu. Mtoto akisema, Msomi anatafsiri. Bibi akisema, Msomi anatafsiri.

"Shoga," aliniambia siku moja baada ya simu kukatwa, "mimi nikisema maneno kumi, yeye anatoa mawili. Hayo manane anayapeleka wapi?"

"Anayala," nikamwambia.

Hakucheka. "Nataka nizungumze na mjukuu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mara moja tu, nisipitie kwa mtu. Nikifa baada ya hapo, sawa."

Ndiyo sababu alijiandikisha kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, na ndiyo sababu alinikokota na mimi, kwa kuwa aliona haya kukaa peke yake kwenye viti vya watoto. Darasa lilikuwa mchana, kwenye chumba cha shule ya msingi wanafunzi wakishaondoka. Magoti yetu hayakuingia chini ya madawati, tukakaa upande upande.

Sasa sikiliza kioja. Vitabu vilitoka kwa wafadhili. Sanduku la kitabu cha kwanza, chenye salamu, familia, chakula na sokoni, halikufika. Lilipotelea wapi hakuna aliyejua, na nijuavyo mimi hakuna aliyeuliza. Lilifika sanduku la kitabu cha pili, na cha pili kilikuwa na mambo mawili tu: majanga ya asili na majengo ya ajabu ya dunia. Mtu mwenye akili zake angeandika salamu ubaoni kwa chaki, akaanza nazo. Mwalimu wetu, kijana safi mwenye kalamu mbili mfukoni, alisema kitabu ndicho hiki na mtihani utatoka humu humu. Akaanza na tetemeko la ardhi. Siku ile ile tukampa jina: Mwalimu Tetemeko.

Tulisoma kwa kuitikia. Anatamka yeye kwa Kiingereza, tunaitikia sisi, mlinzi wa benki, yaya, muuza mkaa, mimi na Mama Pasi. Nyufa! Nyufa. Msingi! Msingi. Jengo limeporomoka! Jengo limeporomoka. Aliyekwama alifundishwa kujibu, sijui, muulize mwenzangu. Kila janga lilikuwa na maswali yale yale ya mtihani: limetokea wapi, wamekufa wangapi, walionusurika wamehamishiwa wapi. Jibu la hilo la mwisho halikubadilika. Wamehamishiwa makazi ya muda. Kitabu kilikuwa na picha yake, hema la rangi ya udongo na mwanamke mzee kakaa mlangoni, blanketi begani, anatazama chini. Tukamaliza mafuriko na ukame, tukaingia kwenye minara na madaraja, majengo yenye ghorofa nyingi kuliko familia za mtaa wetu. Hapo tulijifunza maneno kujenga na kubomoa.

Mama Pasi alikariri kwa pasi, kila shati neno moja. Karani mmoja alikuja kwangu kuuliza kama jirani yangu yuko salama, maana kamsikia akiiambia kola yake "mafuriko, mafuriko". Nikamwambia ashukuru hakuambiwa volkano.

Lakini bibi hakuwa mjinga. Baada ya miezi kadhaa alinyanyua mkono darasani.

"Mwalimu, samahani. Mtu akitaka kumuuliza mtoto, umekula? Umelala vizuri? Nani kakuudhi? Anasemaje?"

"Hayo hayamo kwenye mtihani, mama."

"Mimi sifanyi mtihani, baba. Mimi nina mjukuu."

Darasa likacheka, na yeye mwalimu akacheka, akafungua ukurasa wa kimbunga. Nilitamani kumtia mkasi kwenye lile shati lake lililonyooka, na aliyelinyoosha ni huyo huyo Mama Pasi.

Simu iliyofuata, bibi aliomba apewe mtoto peke yake. Akamwambia, neno kwa neno kama tulivyokariri, kwamba volkano ni mlima unaotema moto, na kwamba watu wenye busara hukimbia mapema. Yule mtoto alifurahi mpaka akapiga makofi. Akamwita mama yake aje asikie. Kisha akamuuliza bibi jambo, jambo fupi tu, la kitoto, pengine kama ana paka, pengine jina la paka, nani ajuaye. Mama Pasi alitabasamu huku machozi yanamtoka. Hakuelewa hata neno moja. Msomi akaichukua simu, akasema, "Si kitu, mama, mambo ya watoto tu." Hata hilo la paka alilila.

Kisha wakaja. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na Mama Pasi alipaka kuta chokaa, akanunua mito, akanyoosha mpaka mapazia. Wageni walifikia hotelini. Choo cha nyumbani, alisema Msomi, kingemsumbua mkewe. Walikuja mchana mmoja, wakapiga picha, wakaenda kutembelea mbuga. Wakarudi siku ya mwisho kula chakula cha kuagana, na ndege yao ilikuwa jioni ile.

Nilikwenda kusaidia kupika. Jiko liko ua wa nyuma, dirisha la sebule linatazama hapo hapo. Tukiwa tunakaanga kuku, tukawasikia Msomi na mkewe wanazunguka chumba hadi chumba wakizungumza Kiingereza kwa sauti ya kawaida, kama unavyozungumza mbele ya mbuzi. Msomi alikuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

Nyufa, alisema. Msingi mbovu. Halafu nikasikia kubomoa. Nikamtazama Mama Pasi. Alikuwa ameshika mwiko, hageuzi kuku tena. Kubomoa, akarudia Msomi, na kujenga ghorofa sita, vioo mbele. Mkewe akauliza kitu ambacho sikukidaka, ila ndani yake nilisikia mama yako. Msomi akajibu bila kufikiri. Makazi ya muda.

Sikuwa nimewahi kufaulu zoezi lolote la kusikiliza darasani. Siku ile sote wawili tulifaulu. Laiti wangezungumza mapenzi, au chakula, au habari za mtoto, tusingeambulia kitu. Walizungumza kitabu chetu.

"Nakwenda kumwambia," nikasema. "Nakwenda kumtukana kwa lugha zote mbili."

"Kaa."

"Mama Pasi, nyumba yako hii! Ulisimama kwenye ile meza mpaka miguu ikavimba—"

"Wageni hawajala," alisema. "Geuza kuku, anaungua."

Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema kwa sauti ili asikie aliye ndani. Hakusikia. Mama Pasi alijifuta mikono, akaenda mlangoni, akamuuliza mwanawe kwa upole wote.

"Mwanangu, mnazungumza nini?"

"Tunaisifu nyumba tu, mama. Mama mtoto anasema ina baraka."

Alipogeuka kurudi jikoni uso wake ulikuwa umekauka. Nilimchukia yule kijana, na mpaka leo namchukia, sina haja ya kuficha. Ningeelewa angesema, mama, nina shida, kiwanja kina jina langu, nisamehe. Hata mwizi wa mchana hukutazama usoni.

Tukapakua. Mama Pasi alimnawisha kila mtu mikono, mkwe kwanza, mwanawe wa pili, kwa maji ya vuguvugu. Mtoto alikaa karibu na bibi yake. Alikuwa hali chakula. Alikuwa anazungusha macho darini na kwenye kuta, kisha kwa bibi, kisha tena kwenye kuta. Watoto hawasikilizi ila lile usilotaka walisikie.

Mwisho akaweka mkono wake mdogo juu ya mkono wa bibi, akasema polepole sana, kama mtu anayemvusha kizee barabara. Wakiibomoa nyumba, bibi atalala wapi? Kwenye neno kulala, ili bibi asipotee, alikutanisha viganja akavilaza chini ya shavu.

Mkwe aliacha kutafuna. Msomi akanywa maji.

"Anasemaje?" Mama Pasi akamuuliza mwanawe.

"Anasema ameshiba, mama. Chakula kitamu sana, anakushukuru."

Sahani ya mtoto ilikuwa imejaa vile vile. Mama Pasi aliitazama, akamtazama mwanawe kwa muda ambao hata mimi nilitamani uishe. Nilidhani atapiga kelele, na Mungu anisamehe, nilitaka apige. Badala yake alikigeuza kiti chake, akampa mwanawe bega, akamshika mjukuu wake mikono yote miwili. Siku yake aliyoisomea ilikuwa imefika. Hapakuwa na mtu katikati yao.

"Sijui," alimwambia kwa Kiingereza, kila neno likiwa safi. "Muulize baba yako."

Mtoto akamgeukia baba yake, akangoja jibu.